Wafuasi 640 tu na kazi ikaja: tuongee mitandao, kujieleza na ajira

#1 Kalamu_Kavu

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza afanyeje apate wafuasi wengi mtandaoni ili apate kazi nzuri. Nimekuwa nikipita kimya kimya. Leo nimeshindwa, maana naona swali lenyewe limekaa upande.

Mimi ni mtu wa stoo. Nimetunza stoo miaka tisa kabla ya kuhamia nilipo sasa, ambako nasimamia maghala manne na watu wanaoyahesabu. Sijui kucheza mbele ya kamera, sina sauti ya redio, na siku kazi hii inakuja nilikuwa na wafuasi 640 pale LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Mia sita na arobaini, na sidhani kama nusu yao walikumbuka walinifuata lini.

Nilichokuwa nafanya ni kimoja. Kila Alhamisi jioni naandika kisa kimoja cha stoo. Sikuwahi kuandika "umuhimu wa usimamizi bora wa bidhaa", hiyo hata mimi nisingeisoma. Kisa cha kwanza kilichopata watu kilihusu wizi ambao haukuwa wizi. Mfumo ulisema tuna vipande 1,200 vya bidhaa fulani. Karatasi ya wahesabuji ikasema 100. Ofisi nzima ikaanza kumtazama mlinzi. Nilipokwenda rafuni mwenyewe nikakuta katoni 100, kila moja ina vipande 12. Hakuna aliyeiba kitu. Mfumo unahesabu vipande, wahesabuji wamehesabu katoni, na karatasi yetu haikuwa na safu ya kuandika kipimo. Nikakiandika hivyo hivyo, maneno kama 150, na chini nikaweka picha ya karatasi mpya niliyoichora, ikiwa tupu, bila jina la kampuni wala la bidhaa.

Nikapata laiki 23, kitu ambacho mtu wa vichekesho angeona aibu kukitaja. Lakini zilikuja komenti tisa, zote za watu wa stoo, wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mmoja akasema kwao kinachowaua ni mzigo unaofika jioni ya kufunga mwezi: bidhaa imeshaingia ndani, makaratasi bado yako mkononi mwa dereva. Hicho kikawa kisa cha Alhamisi iliyofuata. Kuanzia hapo sikuhangaika tena kutafuta cha kuandika, wasomaji walikuwa wananiletea.

Mwezi wa kumi na moja nikapata ujumbe kutoka kwa mtu niliyekutana naye mara mbili tu maishani, kwenye mafunzo ya mfumo wa stoo. Uso wake nilikuwa nimeshausahau. Aliandika: "Bosi wangu anatafuta mtu wa maghala. Nimemtumia ile posti yako ya katoni. Anataka muongee." Kwenye usaili hawakuniuliza mambo ya "jieleze kwa ufupi". Waliuliza ile karatasi ilipunguza makosa kiasi gani, na kwa nini sikuweka safu ya sahihi ya mtu wa pili. (Walikuwa sahihi. Nimeshaiweka.)

Baadaye ndiyo nikajua kuna mtu alishalichunguza jambo hili zamani kabla ya intaneti. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Aliwauliza watu waliobadilisha kazi kwenye kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara chache, na 27.8 kwa nadra kabisa. Sababu yake ukiisikia unajipiga paji la uso: rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali yuko kwenye duara jingine, na huko ndiko habari mpya ziliko.

Mwaka 2022 watafiti wakalipima tena kwa data za LinkedIn, watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, matokeo yakatoka jarida la Science. Wanaosaidia zaidi ni wale mnaofahamiana nusu nusu. Si ndugu wa damu, na si mgeni kabisa.

Sasa hoja yangu. Yule mtu wa mbali hawezi kukupendekeza kama hajui unafanya nini. Rafiki yako anajua, mama yako anajua. Huyo wa mbali anakumbuka tu kwamba mlikaa meza moja mwaka fulani. Posti yako ndiyo inayomwambia. Unaandika ili watu mia kadhaa wanaokujua nusu wajue ile nusu nyingine, na watu milioni wasiokujua wala usiwawazie.

Karibuni, hata wa kupinga.

#2 Nyuki_Mkavu

Madini haya. Naweka kambi.

#3 Bundi_wa_Mchana

Mkuu, kwa heshima zote, hii ni chai. Khaby Lame alipoteza kazi kiwandani Machi 2020. Hakuandika hata neno moja. Alitazama kamera, akafungua mikono, basi. Juni 2022 akawa anaongoza TikTok nzima kwa wafuasi. Wewe na laiki zako 23 umepata kazi nyingine ya stoo. Namba ndiyo mpango mzima.

#4 Kalamu_Kavu

Hahaha, "kazi nyingine ya stoo" imenifikia.

Khaby namheshimu sana, na ninaomba umtazame vizuri. Biashara yake ni macho ya watu. Mtu akiwa anauza macho, hesabu ya macho ndiyo hesabu ya duka. Mimi ninauza uwezo wa kuhakikisha katoni hazigeuki vipande. Anayenunua hicho ni mmoja, akiwa na nafasi moja, mwaka mmoja. Hata nikitazamwa na milioni kumi, yeye asipokuwemo nimekesha bure.

Halafu piga hesabu ya hiyo njia nyingine. YouTube ili wakugawie mapato ya matangazo kwa ukamilifu wanataka wanaokufuatilia 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90). Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video yako ya dakika nne itazamwe mpaka mwisho mara 60,000, hapo umefika mlangoni tu. Wapo wanaoweza. Waende. Ila usimpe ushauri huo mhasibu anayetaka kuwa mhasibu mkuu.

Na Khaby si kwamba hakuongea. Aliongea kwa ufupi kuliko sisi wote: mtu anahangaika na njia ngumu, yeye anaonyesha nyepesi, mgeni wa lugha yoyote anaelewa. Huo ni ufundi wa mawasiliano wa daraja la juu.

#5 Mama_Usaili

Niongezee kutoka upande wa pili wa meza. Nimeajiri watu kwa miaka mingi, sasa nafanya hivyo kwa niaba ya kampuni mbalimbali.

Ninapotafuta mtu LinkedIn naandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, kama vile mnavyotafuta fundi. Naandika "mhasibu wa mishahara", "msimamizi wa ghala", "mtafsiri wa sheria". Sijawahi hata siku moja kuandika "mchapakazi mwenye maono na ari ya mafanikio". Basi ule mstari ulio chini ya jina lako, wenye nafasi ya herufi 220, wengi wameujaza sifa ambazo hakuna anayezitafuta. Weka kazi yako, na kitu unachokifanya vizuri ndani ya kazi hiyo. Wanaopatikana ni hao.

Jambo la pili watu hawaliamini mpaka niwaonyeshe: ninasoma komenti zako kwenye posti za wengine kuliko posti zako mwenyewe. Posti mtu amejipanga, amevaa tai. Komenti ndipo anapoonekana. Mtu akipingwa anajibuje? Anakubali pale alipokosea? Kuna kijana nilimwita kwenye usaili kwa sababu ya sentensi moja: "Umenisahihisha vizuri, nilichanganya mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda." Sikuwa nimeona hata wasifu wake. Kuna mwingine nilimpitisha, cheti safi, halafu nikakuta anamtukana mwanamke mmoja kwa sababu ya koma.

Na nisiwadanganye, sivii bado zinasomwa. Wengi wanaajiriwa bila posti hata moja.

#6 Sauti_ya_Dhahabu

Mada nzuri ila mmesahau msingi. Mawasiliano ni asilimia 93 mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Ndiyo maana mimi nashauri watu waende video moja kwa moja, maandishi yamepitwa na wakati. Nina mafunzo ya siku tatu, anayehitaji aje inboksi.

#7 Mlalahoi_Msomi

Hiyo asilimia 93 inatembea duniani bila kibali.

Imetokana na tafiti mbili za mwanasaikolojia Albert Mehrabian, mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likisemwa kwa toni tofauti, wengine wakaonyeshwa na picha za sura, wakaulizwa msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Hapo ndipo zilipopatikana zile asilimia 7 za maneno, 38 za sauti na 55 za sura. Zinahusu hisia, tena pale ambapo maneno na sura vinapingana. Mehrabian mwenyewe ameandika kwamba hesabu hiyo haihusu mawasiliano yote.

Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungetazama taarifa ya habari kwa lugha usiyoijua ukaelewa asilimia 93. Jaribu leo usiku, kisha utupe mrejesho.

#8 Nyuki_Mkavu

Mlalahoi umemuua mtu na mafunzo yake ya siku tatu 😂

#9 Kisiki

Mimi nije na ya uchungu. Niliwahi kuandika Facebook, usiku, nikiwa nimechoka, kuhusu msimamizi wangu. Sikumtaja jina, niliandika "kuna watu wamepewa vyeo vya kutembelea". Nilikuwa na marafiki 200 na kitu, nikaona niko sebuleni kwangu. Kesho yake saa nne asubuhi ilikuwa imeshachapishwa kwenye karatasi, iko mezani kwake. Sikufukuzwa. Lakini mkataba ulipoisha haukuandikwa mwingine, na hakuna aliyehitaji kuniambia kwa nini.

Baadaye nikasoma habari ya dada mmoja wa mahusiano ya umma aliyetuma utani mbaya Twitter Desemba 2013 akiwa London, akapanda ndege ya Cape Town. Alikuwa na wafuasi kama 170 tu. Ndege inatua, dunia nzima inamjadili, na kazi ikaondoka. Watu 170!

Kwa hiyo wafuasi wachache ni wachache wa kukusaidia tu. Ukiteleza, wanatosha kabisa.

#10 Kalamu_Kavu

Kisiki pole, na asante kwa kulileta hadharani. Mimi nina tabia moja inayonisaidia: nikiwa na hasira naandika kwenye daftari la karatasi. Halina kitufe cha kutuma.

#11 Pamba_Nyeupe

Swali. Mimi ni muuguzi. Kazi yetu yote ni siri za watu. Nitaandika nini nisivunje maadili? Na pili, bado najiona mchanga, sijafika hatua ya kufundisha mtu.

#12 Mlalahoi_Msomi

Naanza na la pili, maana ndilo linalowafunga wengi.

Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 aliyekuwa Helsinki aliandika kwenye kundi la majadiliano la watumiaji wa Minix, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa kufundishia. Alisema anatengeneza mfumo endeshi wa bure, ni burudani tu, hautakuwa mkubwa. Akawaomba waseme ni vitu gani wanavipenda na vipi hawavipendi kwenye Minix. Jina lake Linus Torvalds, na mfumo wenyewe ukaja kuitwa Linux, ambao leo ndio msingi wa simu za Android. Hakujitangaza kuwa gwiji. Alisema "ninatengeneza hiki, nyie mnaonaje?" Tazama muundo wa posti ile: nafanya nini, kimefika wapi, nahitaji nini kwenu. Ukianza hivyo huhitaji kuwa mwalimu wa mtu.

La siri: kisa cha mgonjwa usikiguse kabisa, hata ukibadilisha jina. Mtaa, umri na siku vinatosha kumfichua. Lakini kazi yako imejaa mambo yasiyo ya mgonjwa yeyote. Namna unavyokabidhi zamu bila kusahau kitu. Namna unavyomweleza mtu mwenye hofu jambo refu kwa sentensi tatu. Swali ambalo ndugu wa wagonjwa wote duniani huuliza, na jinsi ulivyojifunza kulijibu. Na kabla ya lolote soma sera ya mwajiri wako kuhusu mitandao, nyingi zina mistari miwili mitatu inayokuhusu moja kwa moja.

#13 Pamba_Nyeupe

Kukabidhi zamu! Hilo naweza kuliongelea mpaka asubuhi. Asante.

#14 Kijiti_cha_Saba

Mnasema tuwasiliane na watu wa mbali. Mimi nimewaandikia watu kama 40 LinkedIn, waliojibu ni wawili, mmoja akajibu "sawa". Nakosea wapi?

#15 Mama_Usaili

Weka hapa ulichowaandikia, tukione.

#16 Kijiti_cha_Saba

"Habari. Natumaini uko salama. Mimi ni kijana mwenye malengo makubwa na ningependa kuwa kwenye mtandao wako ili tujengane kitaaluma. Naomba unisaidie nafasi yoyote itakayopatikana. Nitashukuru sana kwa msaada wako. Ubarikiwe."

#17 Mama_Usaili

Mwanangu, adabu unayo, na hilo usiliache. Tatizo ni kwamba umempa msomaji kazi kubwa. "Nafasi yoyote" inamtaka akae, afikirie wewe ni nani, unajua nini, kisha azunguke kwenye kampuni yake akutafutie. Ana barua pepe 60 za kujibu. Atakuombea heri moyoni na kupita.

Ujumbe huo huo ukiwa na ubavu unaweza kuwa hivi:

"Habari dada. Nimesoma ulichoandika kuhusu kufunga hesabu za mwezi kwa siku tatu. Mimi ni msaidizi wa uhasibu, sisi bado inatuchukua siku tisa, na tunakwama kwenye ankara za wasambazaji. Je, mlianza na wasambazaji wote kwa pamoja au wakubwa kwanza? Jibu la mstari mmoja linanitosha."

Tazama kilichobadilika. Ameonyesha amesoma. Amejitambulisha kwa kazi, hakujitambulisha kwa malengo. Swali linajibika mtu akiwa amesimama kwenye foleni. Na hajaomba kazi. Kazi utakuja kuiomba, usiogope, lakini uwe tayari mnajuana. Akishakujibu, jaribu alichokuambia, kisha baada ya mwezi rudi umwambie: "Tulianza na wakubwa, tumeshuka mpaka siku sita. Asante." Ujumbe huo wa pili karibu hakuna anayeutuma. Wachache walionitumia mimi nawakumbuka wote kwa majina.

Halafu punguza. Arobaini kwa mkupuo ni vipeperushi. Andika watano.

#18 Kijiti_cha_Saba

Nimenyamaza. Naenda kuandika upya.

#19 Ua_la_Mwiba

Dada zangu wanaosoma kimya kimya, niwaongezee. Ukianza kuonekana, inboksi inajaa. Wapo wa kazi, wapo wa "mambo mrembo". Mimi nina kanuni: swali la kazi linajibiwa kwenye komenti pale pale, mbele za watu. Anayesisitiza tuhamie faragha bila sababu, namfungia bila kuaga. Hudaiwi maelezo.

Na matapeli wa ajira wanawapenda sana watu waliojiandika "natafuta kazi". Watakuja na nembo nzuri, barua nzuri, halafu mwisho kuna ada: ya fomu, ya vipimo, ya mafunzo. Mwajiri wa kweli halipwi na anayeajiriwa. Hata Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwa ujumla mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Ukiombwa pesa ili upewe kazi, hapo hakuna kazi.

#20 Bundi_wa_Mchana

Nimerudi. Nakubali nusu. Ila mbona mnajikita LinkedIn kama vile ni ya milele?

#21 Mlalahoi_Msomi

Hapo Bundi umepiga penyewe. Vine, mtandao wa video fupi, ilikuwa na mastaa wake, wamiliki wakatangaza kuifunga Oktoba 2016, Januari 2017 kwisha habari. Google+ ikafungwa Aprili 2019. MySpace mwaka huo huo wa 2019 ikakiri kwamba katika kuhamisha data imepoteza picha, video na muziki uliopandishwa kwa miaka 12 ya mwanzo. Kuna wanamuziki nakala yao ilikuwa pale tu.

Mtandao wa kijamii ni shamba la kukodi. Lima, vuna, lakini mbegu uwe nazo nyumbani. Kila unachoandika weka nakala kwenye faili lako. Watu wanaokujibu kwa uzito, omba anwani zao za barua pepe. Barua pepe iko tangu 1971 na haina mmiliki mmoja wa kuamka asubuhi akaifunga.

#22 Sauti_ya_Dhahabu

Siku hizi akili mnemba inakuandikia posti kumi kwa dakika moja. Kwa nini mtu ateseke na Alhamisi zake?

#23 Kalamu_Kavu

Itakuandikia. Itaandika umuhimu wa usimamizi bora wa bidhaa, vizuri kabisa. Ile katoni haikuwepo rafuni kuiona. Ukishakuwa na katoni yako, itumie kukusahihisha tahajia, sina ugomvi.

#24 Bisibisi

Wakuu nimesoma uzi wote tangu juzi. Mimi ni fundi majokofu na viyoyozi. Sijawahi kuandika kitu mtandaoni zaidi ya "hongera". Nimejikaza nimeandika hii, nisahihisheni kabla sijaibandika:

"Nina furaha kubwa na unyenyekevu mkubwa kuwajulisha kuwa mimi ni fundi mahiri na mbobezi wa majokofu mwenye uzoefu wa muda mrefu. Ubora ni wito wangu. Watu wengi wanaongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kujua kuwa gesi haiishi. Wasiliana nami kwa huduma bora na za uhakika."

#25 Kalamu_Kavu

Subiri kwanza. Gesi ya friji haiishi?

#26 Bisibisi

Haiishi mkuu. Si kama mafuta ya gari. Inazunguka humo humo ndani, inageuka kimiminika, inageuka mvuke, inarudi. Mfumo umefungwa. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Mtu akikujazia bila kutafuta tundu, miezi michache mbele utamwita tena na utalipa tena.

#27 Kalamu_Kavu

Nina friji nyumbani, imejazwa mara tatu. Nimesoma posti yako mpaka katikati nikiwa nasinzia, kumbe jambo lenyewe umelifukia kwenye sentensi ya tatu. LinkedIn na Facebook zote zinakata maandishi baada ya mistari michache na kuweka "ona zaidi". Unyenyekevu wako ndio ungeonekana, tundu lingefichwa.

Toa kila sentensi inayokusifu. Uliyoniandikia sasa hivi hapo #26, ichukue kama ilivyo.

#28 Mama_Usaili

Naunga mkono. Na mwisho usiweke "huduma bora". Eleza fundi mzuri anavyolitafuta tundu, ili msomaji ajue cha kumuuliza fundi wake, hata kama si wewe.

#29 Bisibisi

Jaribio la pili:

"Gesi ya friji haiishi. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kama fundi amekuambia imepungua, kuna mahali inavuja. Kabla hajajaza, muulize: tundu liko wapi? Mimi huanza kwenye maungio, napaka povu la sabuni natazama mapovu, maana tundu dogo jicho halilioni. Likipatikana linazibwa, hewa inavutwa yote nje kwa pampu, ndipo gesi inaingia. Friji yako imejazwa mara ngapi?"

#30 Ua_la_Mwiba

Hilo swali la mwisho! Bandika hivyo hivyo, usiguse kitu.

#31 Bisibisi

Nimeibandika saa mbili zilizopita. Mikono ilikuwa inatetemeka kama vile nashika waya wenye umeme.

Laiki sita. Ila kuna mtu ameandika: "Kumbe! Sisi hotelini kwetu tuna vyumba vya baridi viwili vinajazwa kila robo mwaka. Nakukumbuka, uliwahi kuja na bosi wako kutufungia kiyoyozi. Hilo povu la sabuni linafaa hata kwa chumba kikubwa?"

Nimjibu pale pale au nimfuate inboksi?

#32 Mama_Usaili

Pale pale. Mjibu kuhusu povu kwanza.